Upinde wa roda: Unafuu hauko kwenye kasi iliyoandikwa kwenye boksi

WIKI hii safu hii inaweka kando mchele, sukari na mabati ili kutupia macho bidhaa ambayo bado haijapata rafu yake katika maduka ya Kariakoo, lakini ambayo wafanyabiashara wetu wanaokwenda China wanaweza kukutana nayo wakati wowote kwenye vitabu vya bei vya viwanda. Ni upinde wa kisasa wa kuwindia, ule wenye roda kwenye ncha zake mbili.

Kwa macho ya mfanyabiashara hii ni bidhaa tamu. Haina baruti wala risasi, boksi lake ni jepesi, picha yake inavutia, na inaonekana kama kifaa cha michezo tu. Mtu aliyezoea kuuza mipira, jezi na dambeli kati ya Mnazi Mmoja na Msimbazi atajiuliza kwa nini asiongeze na pinde 50 kwenye kontena lake, hasa akikumbuka kwamba wateja wake wengine wanatoka Zambia, Malawi na Kongo, ambako pori halijaisha.

Maoni ya safu hii ni kwamba asiagize 50. Mnunuzi wa bidhaa hii yupo, ila siye huyo anayefikiriwa, na sifa zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni zile zenye faida ndogo kuliko zote kwake. Inafaa kueleza kwanza chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Upinde huu ulibuniwa Marekani na mtu wa jimbo la Missouri aitwaye Holless Wilbur Allen. Aliomba hataza mwaka 1966 na akapewa Desemba 1969. Alichofanya kitaeleweka kwa haraka na baharia yeyote wa jahazi au fundi anayepandisha zege ghorofani: alifunga roda kwenye ncha za upinde na kuzungusha kamba. Lakini roda zake hazikuchongwa katikati. Tundu liko pembeni, hivyo ukivuta upote mwanzo ni mgumu, kisha roda ikigeuka mzigo unashuka ghafla. Upinde wa ratili 60 wenye nafuu ya asilimia 80 utakudai ratili 60 njiani, lakini ukishafika mwisho wa mvuto mkono wako unashikilia ratili 12 tu. Mwindaji anaweza kusubiri mnyama ageuke ubavu bila mkono kutetemeka. Hiyo ndiyo siri yote ya upinde huu. Mengine ni mapambo au marekebisho.

Sasa tuje kwenye boksi. Herufi kubwa kuliko zote huwa ni za kasi: futi 310, 315 au 320 kwa sekunde. Mnunuzi anasoma namba hiyo kama anavyosoma spidi ya pikipiki. Asichoambiwa ni kwamba kwa desturi ya viwanda kipimo hicho hupatikana upinde ukiwa na uzito wa mvuto wa ratili 70, urefu wa mvuto wa inchi 30, na mshale mwepesi wa gramu 23 hivi, usio na kazi porini. Mtu wa kuvuta inchi 30 ni mrefu wa mikono kweli kweli.

Chukua mtu wa kawaida wa mjini hapa. Akinyoosha mikono yote miwili ukutani, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole anapata sentimita 168, yaani inchi 66. Gawa kwa 2.5. Urefu wake wa mvuto ni inchi 26 na nusu hivi. Kila inchi inayopungua hula kasi ya futi 10 kwa sekunde kwa makadirio, hivyo futi 35 zimekwenda. Hataweza kuvuta ratili 70 kwa raha, ataweka 55, na futi nyingine 30 hivi zitaondoka. Akiweka mshale wa maana wa gramu 26, anapoteza 15 zaidi. Upinde ulioandikwa futi 315 kwa sekunde unampa yeye futi 235. Hakuibiwa, ila alinunua namba ya mtu mwingine.

Je, futi 235 zinatosha? Namibia ni nchi iliyoweka uwindaji wa upinde kwenye kanuni na kutaja nguvu ya mshale. Kwa wanyama wadogo inadai nguvu ya jouli 34 hivi, kwa wa kati kama swala pala na ngiri jouli 54, na kwa wakubwa kama tandala na pofu jouli 88. Mshale wa gramu 26 ukienda futi 235 kwa sekunde una jouli 67. Kwa hiyo mtu wetu wa Kariakoo, na upinde wake wa bei nafuu, anafaa kwa swala. Kwa pofu hafai, hata kama kwenye boksi pana picha ya mnyama mwenye pembe za mita nzima.

Kutokana na hayo, sifa ambayo safu hii ingelipia pesa ni ile isiyopigiwa debe: kurekebika. Upinde mzuri wa bei nafuu ni ule unaoongezwa na kupunguzwa kwa bisibisi ya pembe sita tu, bila mashine ya kuubania. Mfano unaojulikana ni Bear Cruzer G2 wa Marekani, ambao urefu wa mvuto wake unakwenda kutoka inchi 12 hadi 30 na uzito kutoka ratili 5 hadi 70. Diamond Infinite Edge uliotoka mwaka 2013 ni wa ukoo huo huo. Viwanda vya China kama Sanlida na Topoint navyo vimeshika njia hiyo. Upinde wa namna hii unaweza kuvutwa na mtoto wa shule, kisha mama yake, kisha baba mwenye mabega ya kubeba magunia. Ule wa kurekebika kidogo, hata ukiwa na kasi zaidi, unamfaa mtu mmoja tu, na mwenye duka atakaa nao mpaka mtu huyo apite mtaani.

Hapa kwetu sababu ni kubwa zaidi. Mashine ya kubania upinde si kitu cha kukikuta kila kona kama mashine ya kukata funguo. Upinde ukihitaji kubanwa ili kubadilishiwa upote, na upote wa nyuzi za kisasa unafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kama haujakatika, mwenye upinde atautuma wapi? Wako watakaojaribu kwa jiriwa ya useremala. Safu hii haiwashauri: mikono ya upinde imebeba nguvu hata ukiwa umetundikwa ukutani, na ikiachia vibaya inavunja meno. Kwa sababu hiyo hiyo upinde haupaswi kuvutwa na kuachiwa bila mshale, hata kwa mzaha wa dukani. Nguvu iliyokuwa iende na mshale inarudi kwenye mikono na roda, na upinde wa shilingi milioni unapasuka mbele ya mteja. Mwenye duka atakayeuza bidhaa hii afunge kwanza kamba nyekundu kwenye upote ili watu wasijaribu.

Jambo la pili la kutazama ni mkono. Upinde wa mkono wa kulia haugeuzwi kuwa wa kushoto. Linaonekana dogo hadi siku utakapofungua kontena.

La tatu ni mishale. Mshale una ugumu wake, na ugumu huo hupangwa kulingana na uzito wa upinde na urefu wa mshale wenyewe. Mshale laini kwenye upinde mzito hujikunja kupita kiasi, na wa kaboni ukiwa na ufa unaweza kupasukia kwenye mkono wa anayepiga. Anayeuza upinde bila kujua mishale anauza nusu ya kitu, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Afadhali awe na aina mbili tu za mishale anazozijua vizuri kuliko aina kumi alizopewa na kiwanda kama nyongeza.

Kuhusu bei, upinde wa daraja hili ukiwa na kilengeo, podo na kitako cha mshale huuzwa Marekani kwa dola 400 hivi. Tukihesabu dola kwa Sh. 2,500 hiyo ni Sh. 1,000,000. Lakini mnunuzi bado hajapiga hata mshale mmoja. Mishale 12 ya kaboni ni dola 80 hivi, kifyatuo cha mkononi dola 50, vigumba vitatu vyenye wembe dola 40, na gunia la kupigia shabaha dola 60. Jumla imefika dola 630, au Sh. 1,575,000, kabla ya nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya hivyo vyote. Wa China unashusha bei ya upinde wenyewe, pengine kwa nusu, ila haushushi sana bei ya hivyo vingine. Neno "nafuu" hapa lina maana ya nafuu kwa Mmarekani anayelinganisha na upinde wa dola 1,500.

Mitumba nayo itakuja, kama ilivyokuja kwa kila kitu kingine. Anayenunua upinde uliotumika apitishe pamba taratibu kwenye mikono yake yote miwili. Nyuzi za pamba zikinasa, pana ufa, auache hapo hapo. Atazame pia kama roda zimepinda na kama upote una nywele. Joto letu la Dar es Salaam ni adui: upinde ulioachwa kwenye buti la gari lililopaki juani unaweza kunyooka nyuzi zake na kupoteza vipimo vyote. Hewa ya chumvi nayo inakula skrubu. Nta ya upote ni bei ya soda, lakini ni wachache wanaoikumbuka.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila mwenye upinde ana mahali pa kuutumia. Nchini mwetu wapo watu ambao kwao kuwinda kwa upinde si mchezo wala kumbukumbu, nao ni Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Ukiuangalia upinde wao kwa jicho la mhasibu utashangaa. Mti unatoka porini, upote ni kano za mnyama, manyoya ya mshale ni ya kanga, na kigumba cha chuma mara nyingi ni msumari uliofuliwa na wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali au nyama au kwa pesa ya watalii. Hakuna kipuri kinachoagizwa kutoka nje. Ukivunjika asubuhi, mchana unatengenezwa mwingine. Kwa kipimo cha gharama ya kumiliki na kutunza, huo ndio upinde wa bei nafuu kuliko wote Afrika Mashariki, na hakuna kiwanda kitakachoushinda.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa upinde wa kisasa hawalijui. Uwindaji wa wanyama wakubwa kwa upinde katika ukanda wetu, iwe ni Wahadzabe, Wakamba, au Waliangulu wa Tsavo waliowahi kuangusha tembo, ulitegemea sumu ya mimea iliyopakwa chini ya kigumba. Mshale uliingiza dawa, na dawa ndiyo iliyoua. Upinde wa roda hauna dawa. Unaua kwa kukata na kumwaga damu, kwa hiyo wembe wa kigumba lazima uwe mkali kama wa kinyozi na mshale upite kwenye mapafu au moyo. Wembe butu, au mpigaji aliyejifunza wiki mbili akaona mita 50 si mbali, maana yake ni mnyama anayekimbia na mshale ubavuni na kufa siku ya tatu kwenye kichaka ambacho hakuna atakayekifikia. Nani atakula nyama hiyo zaidi ya fisi? Wawindaji wengi wenye uzoefu hawazidi mita 30 au 35.

Na sumu kwetu ni marufuku. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza silaha yenye sumu, na inataka leseni kabla mtu hajamgusa mnyama. Sheria hiyo inakataza pia kukutwa na silaha ndani ya pori la akiba bila kibali, nayo Sheria ya Hifadhi za Taifa inafanya hivyo kwa hifadhi. Mahakama za Mara zina kesi nyingi za watu waliokamatwa na panga, visu na mikuki tu ndani ya mipaka. Sasa mtu aliyekutwa na upinde wa roda wenye darubini na vigumba vya wembe atamweleza nini askari wa wanyamapori? Kwamba ulikuwa kifaa cha michezo? Risiti ya duka la Kariakoo haitamsaidia kitu.

Kenya hali ni kali zaidi. Uwindaji ulifungwa huko mwaka 1977 na haujafunguliwa, kwa hiyo mteja wa Nairobi anayekuja kununua "upinde wa kuwindia" ananunua maneno. Uingereza, ambako wengi hudhani kila kitu kinaruhusiwa, kuwinda kwa upinde ni marufuku pia.

Wako watakaosema kwamba tangu kanuni za bucha za nyamapori za mwaka 2020, soko la nyama halali limefunguka na mwindaji mdogo mwenye upinde angeweza kulihudumia. Safu hii haikubali hesabu hiyo. Bucha halali inahitaji nyama iliyopatikana kwa leseni, iliyokaguliwa, inayofika kwa wingi na kwa wakati. Mwenye upinde mmoja, anayehitaji kumsogelea swala hadi mita 30, hawezi kuwa msambazaji wa bucha. Anaweza kuwa mwindaji mwenyeji mwenye leseni kwa mboga yake, na hata huyo kabla ya kutoa shilingi moja anapaswa kuuliza kwa maandishi Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kama leseni anayoiomba inakubali upinde na wa nguvu gani. Jibu la mdomo la kwenye kaunta halimlindi mtu porini.

Kwa hiyo mnunuzi ni nani? Yuko mwenye kambi ya kitalii au hoteli yenye eneo, anayetaka wageni wapige shabaha jioni. Wapo wazazi na shule wanaotafuta mchezo usiohitaji uwanja wa mpira. Na wapo vijana watakaovutiwa na habari kwamba upinde wa roda utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Los Angeles mwaka 2028, katika shindano la timu za mwanamume na mwanamke. Hawa wote hawahitaji ratili 70, wala futi 315, wala wembe. Wanahitaji upinde unaoshuka hadi ratili 15 au 20 kwa mwanafunzi, kitako cha mshale kisichodondosha, mishale yenye ncha butu za shabaha, na mtu wa kuwaonyesha mahali pa kusimama.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo hiyo ni biashara ndogo, lakini ni ya kweli. Pinde nne au tano, moja kati yake ya mkono wa kushoto, mishale dazeni kumi, magunia ya shabaha yanayoweza kushonwa hapa hapa kwa viroba na vipande vya nguo, pote za akiba kwa kila upinde, na kifyatuo kwa kila mteja. Vigumba vya wembe asiviagize kabisa hadi atakapoletewa leseni mkononi. Kwenye boksi afute neno "kuwindia" kwa kalamu nzito, hata kama kiwanda kimelichapa kwa rangi ya dhahabu. Na pale dukani aweke futi kamba ya mshona nguo ukutani, ili kila anayeuliza bei anyooshe mikono kwanza apimwe.